Kila Kiungo na Saa Yake: Mwongozo Kamili wa Kupika Nyumbani kwa Viungo na Majani Mabichi

Pilau yangu ya kwanza ya kujipikia mwenyewe ilinuka kama dawa ya jino. Nilikuwa nimehamia Dar es Salaam, nina chumba kimoja, jiko la mkaa na sufuria mbili, na nilijiambia kwamba mtoto wa Tanga hafundishwi pilau. Nikatwanga karafuu, nikatia kijiko kizima. Sikusikia harufu niliyoitaka, nikaongeza kingine mwishoni. Shangazi alikuja kula siku hiyo. Alionja tonge moja, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Umezitia saa ngapi hizi karafuu?"

Nilitarajia aulize nimetia ngapi. Yeye aliuliza saa ngapi.

Ilinichukua muda kuelewa, lakini tangu siku ile nimepika nikiwa na swali hilo kichwani. Chakula cha nyumbani kikikosa ladha, mara nyingi viungo vimo, tena tele, ila vimeingia sufuriani wakati usio wao. Mwongozo huu unafuata zamu hizo: nini kinatangulia, nini kinasubiri, nini kinatiwa moto ukiwa umeshazimwa. Mifano yangu ni ya vyakula vya pwani kwa sababu ndivyo nilivyokulia, lakini utaratibu ni uleule hata ukipika kabichi Mwanza au ndizi Bukoba.

Kwanza majina, tusipotezane sokoni

Kiungo kimoja kina majina matatu kutoka Mombasa hadi Unguja, na jina moja linabeba viungo viwili. Nitakavyoyatumia hapa ni hivi.

Bizari nyembamba ni zile mbegu ndogo za kahawia za pilau. Wengine huiita uzile, wengine jira. Usiichanganye na bizari ya mchuzi, ambayo ni mchanganyiko wa viungo vingi vilivyosagwa pamoja, wala na manjano, ambayo wengi huiita binzari tu. Ukimtuma mtoto dukani "lete bizari" bila kufafanua, kubali atakacholeta.

Giligilani ni mbegu za duara, na majani yake mabichi nitayaita kotmiri. Ndugu zetu wa Kenya wanayajua kama dania. Mmea ni mmoja, lakini mbegu na jani havibadilishani kazi hata kidogo: mbegu ni ya mwanzo wa upishi, jani ni la mwisho.

Pilipili manga ndiyo wengine waiitayo pilipili mtama. Hoho ni ile kubwa isiyowasha, ambayo Unguja ni pilipili boga. Pilipili mbuzi ni ile fupi nene yenye harufu nzuri na ukali wa kumtoa mtu machozi. Kitunguu thomu ni saumu. Nadhani hapo tumeelewana.

Kununua: nusa kabla ya kulipa

Nunua viungo vikavu vikiwa vizima kila inapowezekana. Kiungo kikishasagwa, harufu yake huanza kupotea siku hiyohiyo, na unga uliokaa dukani miezi umebaki rangi tu. Kizima pia hakidanganyi: unga unaweza kuchanganywa na chochote, iliki nzima haiwezi.

Karafuu nzuri ina kichwa na kijiti vyote viwili. Ibane kwa ukucha kwenye kijiti. Ikitoa unyevu wa mafuta na harufu ikapanda, chukua. Ikivunjika kama ubua mkavu, imeshakwisha nguvu. Angalia pia isichanganywe na makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Harufu vinayo, lakini hafifu. Karafuu zilishamiri Unguja na Pemba katika karne ya 19, enzi za Sayyid Said, na kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Hadi leo ukitafuta karafuu nzuri, Pemba ndiyo kwao.

Iliki iwe na ganda la kijani lililofumba. Ipasue moja mbele ya muuzaji, wala asikasirike: mbegu ziwe nyeusi na zenye kunata kidogo. Zikiwa za kahawia na kavu kama mchanga, mwachie. Iliki nyingi ya Tanzania Bara hutoka milima ya Usambara, pande za Amani kule Muheza, na inapofika soko la Tanga ikiwa mpya unaisikia kabla hujaiona.

Mdalasini upo wa aina mbili. Mmoja ni magome membamba yaliyojikunja tabaka kwa tabaka, unaweza kuyavunja kwa vidole; harufu yake ni tamu na laini. Mwingine ni gome nene, gumu, la ukali. Vyote hupikika, lakini ukipata ule mnene tia nusu ya kipimo.

Tangawizi ivunjike kwa mlio, ngozi yake isiwe na mikunjo. Ile kongwe yenye nyuzi usiitupe, ni kali zaidi na inafaa chai. Thomu ya kwetu, kama ile ya Mbulu, ina punje ndogo zinazochosha kumenya, lakini ukali wake unaushinda ule mkubwa mweupe wa kutoka nje. Ukichoka kumenya, ziloweke kwenye maji ya moto dakika mbili, ganda litalegea.

Kungumanga nunua nzima, uikwaruze kidogo kwenye kikwaruzio unapopika. Kidogo hapa ni kidogo kweli: ncha ya kisu inatosha sufuria nzima, na ikizidi sana humdhuru mlaji, si ladha tu.

Kwa majani, tazama kikonyo kuliko jani. Muuzaji anaweza kunyunyizia maji majani yakang'aa, lakini kikonyo kilicholegea na kubadilika rangi hakifichiki.

Tengeneza bizari yako mwenyewe

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Dakika 20 za Jumamosi zitakupa bizari ya mchuzi ya wiki nne au tano.

Vipimo vyangu ni hivi:

- giligilani vijiko vikubwa 4
- bizari nyembamba vijiko vikubwa 2
- pilipili manga vijiko vya chai 2
- uwatu nusu kijiko cha chai
- iliki punje 6, karafuu 5, mdalasini kipande cha urefu wa kidole
- manjano ya unga kijiko kikubwa 1

Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, bila mafuta. Anza na giligilani, ndizo kubwa na zinachelewa. Zikianza kutoa harufu kama ya ganda la chungwa, zitoe uweke kwenye sinia. Kisha pilipili manga na mdalasini pamoja na karafuu na iliki, dakika moja na nusu hivi. Bizari nyembamba na uwatu ziwe za mwisho kwa sababu huungua upesi. Sekunde 40 zinatosha, na mkono usiache kutikisa. Uwatu ukipita kahawia utakuwa mchungu na uchungu huo hautoki tena. Manjano usiyapitishe motoni kabisa, yataingia kwenye kusaga.

Acha vipoe. Hapa ndipo wengi huharakisha, mimi nikiwemo siku nikiwa na wageni. Viungo vikisagwa vikiwa na joto hutoa jasho, unga hushikamana, na ukiufunga chupani hupata ukungu. Vikishapoa, twanga kwenye kinu au saga kwa blenda ndogo, chekecha, chenga zilizobaki rudisha kinuni. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaokaza, kabatini, mbali na jiko na jua. Ile rafu nzuri iliyo juu ya jiko ndiyo sehemu mbaya kuliko zote nyumba nzima.

Zamu nne

Sasa tunafika kwenye swali la shangazi.

Harufu ya viungo vikavu imo kwenye mafuta yao ya asili, na mafuta hayo huyeyuka vizuri zaidi kwenye mafuta ya kupikia kuliko kwenye maji. Ndiyo maana bizari iliyomwagwa kwenye mchuzi unaochemka huupa mchuzi rangi, lakini mdomoni unahisi vumbi. Majani mabichi yana tabia tofauti: harufu yao ni nyepesi, inaruka na mvuke. Ukiyatia mapema, jikoni patanukia vizuri na sahani itabaki haina kitu.

Zamu ya kwanza ni ya viungo vizima, kwenye mafuta ya moto wa wastani: mdalasini, iliki iliyopasuliwa kidogo, karafuu, pilipili manga, haradali kama unayo. Sekunde 30 hadi dakika moja. Iliki huvimba, haradali huruka, ndiyo ishara. Majani ya mchuzi mabichi, yale ya mti wa kari, nayo huingia hapa, na yakigusa mafuta yatalipuka, kwa hiyo rudi nyuma hatua moja. Yaliyokauka sinunui, hayana harufu ya kutosha kustahili bei yake.

Zamu ya pili ni ya vitunguu, kisha thomu na tangawizi. Vitunguu maji vitangulie kwa sababu vina maji mengi na vinahitaji muda. Thomu iliyopondwa huungua ndani ya dakika moja kwenye mafuta makali, na thomu iliyoungua haina dawa: mwaga, osha sufuria, anza upya. Itie vitunguu vikishalainika, na tangawizi ifuatie papo hapo. Unyevu wake husaidia kupoza mafuta. Vikonyo vya kotmiri, ambavyo watu wengi huvitupa, vikate vidogovidogo uvikaange hapa pamoja na thomu.

Zamu ya tatu ni ya viungo vya unga: bizari ya mchuzi, manjano, pilipili ya unga. Unga huungua haraka kuliko vyote. Ninachofanya ni kuukoroga na maji vijiko viwili au vitatu kwenye kikombe hadi uwe uji mzito, ndipo naumimina. Maji yanakauka, unga unapata muda wa kukaangika bila kuungua. Kisha nyanya. Endelea kukoroga hadi uone mafuta yanajitenga pembeni na kuelea juu ya rojo. Usiongeze maji wala tui kabla ya kuyaona. Mchuzi wenye ladha mbichi ya bizari ni mchuzi ambao mpishi wake hakusubiri hapa.

Zamu ya nne ni ya mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa au umezimwa: majani ya kotmiri, nanaa, ndimu, na kipande kidogo cha tangawizi mbichi iliyokwaruzwa ukipenda. Ndimu ikichemka hupoteza uchangamfu wake na mara nyingine huacha uchungu. Ukwaju ni tofauti, wenyewe unavumilia moto na hupenda kupikwa.

Rehani nayo ni ya zamu hii, kama nyumbani kwenu inapikwa. Kwetu ilikuwa zaidi ya kikuba, kile kifurushi cha maua na majani ya kunukia ambacho wanawake hujipamba nacho, pamoja na asumini, na bibi angenitazama vibaya ningeitia kwenye nyama. Siku hizi naitia kwenye nyanya zilizokaangwa, na yeye hayupo wa kunitazama.

Mfano wa kwanza: pilau ya watu sita

- nyama ya ng'ombe yenye mfupa kilo 1
- mchele vikombe 4 (kama gramu 800)
- vitunguu maji vikubwa 4, vikatwe vyembamba na vilingane
- thomu kichwa 1 na tangawizi ya ukubwa wa vidole gumba viwili, vitwangwe pamoja
- viazi mbatata 4
- mafuta nusu kikombe
- bizari nyembamba vijiko vikubwa 2, itwangwe kidogo tu, isiwe unga
- mdalasini vijiti 2, iliki 8, karafuu 6, pilipili manga kijiko cha chai 1

Karafuu sita. Vizima. Nimezihesabu na ninazihesabu kila mara.

Chemsha nyama na chumvi na nusu ya thomu na tangawizi hadi iwe laini, kama saa moja. Toa nyama, pima supu: unahitaji vikombe 6, ikipungua ongeza maji. Osha mchele, uloweke nusu saa, uchuje. Mchele mpya hunywa maji kidogo kuliko wa zamani, kwa hiyo kama umetoka shambani juzi, punguza supu nusu kikombe.

Sasa vitunguu, na hapa usiwe na haraka. Rangi ya pilau ya pwani hutoka kwenye vitunguu. Haitoki kwenye manjano, haitoki kwenye sosi ya chupa. Ukiona pilau ya njano, hiyo ni chakula kingine, huenda kitamu, lakini ni kingine. Tia mafuta yote, moto wa wastani, mwaga vitunguu, ukoroge kila baada ya muda mfupi. Vitatoa maji, vitalegea, vitakuwa vyeupe, kisha vya dhahabu. Itafika dakika 15, pengine 20. Vikianza dhahabu, tia mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Utaona kwamba hapa nimevunja zamu yangu mwenyewe: viungo vizima vimeingia baada ya kitunguu. Sababu ni kwamba vikikaa kwenye mafuta dakika 20 nzima vitaungua kabla vitunguu havijafika.

Usiondoke sasa. Kutoka dhahabu hadi rangi ya tende ni dakika mbili tatu, na kutoka tende hadi makaa ni nusu dakika. Vikifika rangi ya tende, mwagia upawa mmoja wa supu. Vitapiga kelele, mvuke utapanda, na ule uji wa kahawia unaoutazama chini ya sufuria ndiyo rangi ya pilau yako. Tia thomu na tangawizi iliyobaki, kaanga dakika moja, kisha bizari nyembamba, kaanga tena hadi harufu ibadilike kutoka ya mbegu mbichi kuwa ya karanga zilizokaangwa.

Ingiza nyama na viazi, geuza dakika tano. Mimina supu, iache ichemke, uionje. Iwe na chumvi inayokaribia kuzidi, kwa sababu mchele utaichukua. Tia mchele, koroga mara moja, funika. Maji yakishuka hadi usawa wa mchele, geuza polepole kutoka chini, punguza moto uwe mdogo kabisa, funika vizuri, na kama unatumia mkaa palia makaa juu ya mfuniko. Kama una gesi, weka karatasi ya foili chini ya mfuniko ili mvuke usitoroke. Dakika 20. Zima, uache dakika 10 bila kufunua, hata mtoto alie.

Pilau huliwa na kachumbari: vitunguu vilivyokatwa vyembamba, vikafikichwa na chumvi na kuoshwa, nyanya, kotmiri, pilipili mbichi, ndimu. Itengeneze dakika za mwisho, ikikaa inageuka supu.

Mfano wa pili: mchuzi wa samaki wa tui

Hapa ndipo zamu zote nne zinaonekana waziwazi, na ndicho chakula ninachomfundishia mtu anayeanza.

Chukua samaki kilo 1, changu au nguru. Mpake chumvi, thomu, manjano kidogo na ndimu moja. Mwache dakika 15 au 20, asizidi nusu saa, kwa sababu ndimu ikikaa sana huanza kuivisha nyama yake juu juu na akikaangwa anamomonyoka. Mkaange ashikane tu, asikauke, umweke kando.

Zikune nazi mbili kavu kwa mbuzi ya kukunia. Kamua kwanza na maji ya vuguvugu kikombe 1: hilo ni tui zito, kasimile. Liweke pembeni. Ongeza maji vikombe 2 kwenye machicha, kamua tena, chuja kwa kifumbu au chujio: hilo ni tui jepesi. Wa kopo au pakiti tumieni bila aibu, lichanganyeni kiasi na maji mpate tui jepesi.

Loweka ukwaju wa ukubwa wa yai la kuku kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, uufikiche, uchuje.

Mafuta vijiko vikubwa 3, mdalasini kidogo, majani ya mchuzi machache kama unayo. Kitunguu maji kimoja kikubwa hadi kilainike. Huku hatukitaki cha kahawia. Thomu, tangawizi, vikonyo vya kotmiri. Bizari ya mchuzi kijiko kikubwa kimoja na manjano nusu kijiko cha chai, vilivyokorogwa na maji. Nyanya tatu zilizokwaruzwa. Subiri mafuta yajitenge. Ndipo tui jepesi na nusu ya ukwaju, na pilipili mbuzi moja nzima, isiyopasuliwa, ielee juu. Itatoa harufu yake bila ukali. Ikipasuka, umeshajua jioni yako itakuwaje.

Mchuzi ukishatokota dakika 10, ingiza samaki, dakika tano nyingine, kisha tui zito. Kuanzia hapo koroga bila kuacha, polepole, upande mmoja ili samaki wasivunjike, moto mdogo. Ukiona vipovu vya kwanza pembeni, zima. Tui zito likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yanaelea na mchuzi unakuwa na chengachenga. Haudhuru, lakini ni mchuzi wa kuombea radhi. Onja, ongeza ukwaju uliobaki kama unahitaji, mwagia kotmiri, funika dakika tano.

Vya siku za kazi

Maharage ya nazi hayahitaji bizari nyingi. Kitunguu, thomu, manjano, hoho, tui jepesi kisha zito, na iliki moja iliyotwangwa mwishoni. Iliki kwenye maharage inashangaza watu. Jaribu mara moja kabla ya kukataa.

Kuku wa kuchoma au wa oveni: mtindi nusu kikombe, thomu, tangawizi, bizari ya mchuzi, ndimu, chumvi. Akae saa nne au usiku mzima kwenye friji. Nyama ngumu, kama ya mbuzi mzee, ipake papai bichi lililokwaruzwa, kijiko kikubwa kimoja kwa kilo. Papai na tangawizi mbichi vina vimeng'enya vinavyolainisha nyama, lakini papai likizidi au likikaa sana nyama inakuwa kama uji, kwa hiyo saa moja inatosha.

Chatne ya kotmiri huokoa chakula chochote kikavu: kotmiri fungu moja, nanaa robo yake, pilipili mbichi, punje moja ya thomu, ndimu, chumvi, na nazi iliyokunwa kiganja kimoja. Saga na maji kidogo sana. Mihogo ya kuchemsha ikipata hii hairudi jikoni.

Ukikosea

Chakula kimepooza: kabla ya kuongeza bizari, ongeza chumvi chembe kidogo, onja, kisha matone ya ndimu, onja tena. Mara tisa kati ya kumi jikoni kwangu hapo ndipo tatizo linapokwisha. Bizari ya kuongeza mwishoni hukaa mbichi na kuharibu hata kilichokuwa kizuri.

Pilipili imezidi: maji hayasaidii, kwa kuwa kinachowasha huyeyuka kwenye mafuta. Tia tui, au mtindi ukiwa umezima moto. Na kwa mara ijayo, kumbuka kwamba ukali mwingi umo kwenye ule utando mweupe wa ndani ulioshika mbegu. Ukiutoa, pilipili inabaki na harufu na adabu.

Karafuu au mdalasini umezidi: vue vipande vizima unavyoviona, kisha ongeza kila kitu kingine, nyama, vitunguu, supu. Utapata sufuria kubwa kuliko ulivyokusudia. Kama ulitia vya unga, pole, nimepita hapo.

Kutunza

Usitingishe chupa ya bizari juu ya sufuria inayotoa mvuke. Unyevu huingia chupani na unga hushikamana. Mimina kiganjani kwanza.

Kotmiri ikate ncha za vikonyo, isimamishe kwenye glasi ya maji kama ua, ifunike na mfuko uliolegea, iweke kwenye friji. Ikinyauka kabla hujaimaliza, isage na maji kidogo uigandishe kwenye trei ya barafu. Kwa mchuzi inafaa, kwa kachumbari haifai tena.

Thomu na tangawizi zilizosagwa pia gandisha vipande vipande. Kitu kimoja usikifanye: kuweka thomu mbichi kwenye chupa ya mafuta ukaiacha kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulizimu huota humo bila kubadilisha harufu wala rangi, na sumu yao huua. Ukiitengeneza, iwe ya siku chache, ndani ya friji, au iwe kwenye friza.

Na kama una ndoo ya zamani

Toboa matundu chini, jaza udongo uliochanganywa na mbolea ya samadi iliyooza vizuri. Nanaa ikae ndoo yake peke yake, inatambaa na kunyang'anya wenzake nafasi. Kotmiri panda kwa mbegu zilezile za giligilani za dukani, mradi si kuukuu: ziponde kidogo zigawanyike mara mbili, loweka usiku kucha, mwaga, fukia kina cha kucha. Jua kali la mchana huifanya itoe maua mapema, kwa hiyo iwe mahali penye kivuli baada ya saa sita. Panda fungu jipya kila wiki tatu, la sivyo utakuwa na kotmiri nyingi mwezi mmoja na mbegu tupu mwezi unaofuata.

Mchaichai ndio rahisi kuliko yote. Nunua shina lenye kitako kizima, lisimamishe kwenye maji hadi litoe mizizi, kama wiki mbili, kisha lifukie. Ukitaka wa chai, kata majani kwa kisu kikali ukiacha kama vidole vinne juu ya udongo, yafunge fundo, yatie kwenye maji yanayochemka pamoja na tangawizi na iliki mbili zilizopondwa, na majani ya chai yaingie mwisho. Baada ya wiki chache utakuta umechipua tena, na mara nyingi jirani ameshaugundua kabla yako.